Sahani ya Mgeni wa Pili

Nyumbani kwetu Mpimbwe, mama alipokuwa akipakua chakula cha jioni, sahani mbili zilitangulia kabla ya zetu. Zilikuwa za bati, nyeupe, zenye ukingo wa bluu, na baba ndiye aliyeziosha kwa mkono wake. Sisi watoto tulikatazwa hata kuzisogeza. Ziliwekwa upande wa mkeka unaotazama mlango. Upande ule hatukai. Ukijisahau ukakaa, baba hafoki wala hapigi. Anakwambia taratibu, "Sogea, umemkalia mtu." Nyie, hebu fikirini mtoto mdogo anaambiwa hivyo akiwa na tonge mkononi!

Wageni wale walikuwa wa baba. Alikuwa rubani wa ndege ya kivita katika vita vya Uganda, mwishoni mwa miaka ya sabini, na alisema ametungua ndege mbili katika safari moja, na waliokufa humo wakarudi naye nyumbani. Hakusimulia kama mtu anayetisha watoto. Aliwataja kama unavyotaja wapangaji: leo wamechelewa, leo mmoja ana kikohozi. Mama alizaliwa katika nyumba ya Wakatoliki wa siku nyingi, akawa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kupakua, lakini alipakua.

"Jaza hii ya pili," baba alimwambia kila mara. "Huyu ana njaa sana."

Mama aliongeza shingo upande. Sahani ya pili ndiyo iliyopata kipande kikubwa cha samaki, na sisi tulikuwa tunaitazama huku tunameza mate. Asubuhi chakula kilikuwa pale pale, kimepoa, sisimizi wamepanga foleni, kikaenda kwa mbwa. Mbwa wetu alinenepa mpaka majirani wakamtania baba kwamba amefuga ng'ombe anayebweka. Baba alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka, msidhani alikuwa na uso wa makaburini.

Kilichonitisha mimi siyo sahani, ni harufu. Jioni nyingine, kabla mkeka haujatandikwa, nyumba ilijaa harufu ya mafuta ya taa. Utotoni hatukujali, maana tulikuwa tunawasha koroboi na kila nyumba ilinuka hivyo. Nilipokuwa mkubwa baba akaniambia ndege zile zilitumia mafuta ya jamii hiyo hiyo. Baadaye tukafunga sola, koroboi zikatupwa, hata chupa yenye tone la mafuta haikuwepo nyumba nzima. Harufu ilibaki.

Alikuwa na tabia nyingine. Ndege ndogo za watalii hupita juu ya mashamba yetu ya mpunga zikienda mbugani. Zikipita, kijiji kizima huinua macho. Baba hakuinua. Aligeuza shingo, akatazama nyuma yake. Alisema angani anayekuua anatokea nyuma, na yeye alikuwa hai kwa sababu hakuacha kugeuka. Hata kanisani aligeuka, katikati ya Baba Yetu.

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nina duka la dawa Majengo, hapa Mpanda, na wanaonijua wanajua nina hasira za karibu. Mteja akitaka kumeza nusu ya dozi ili nusu ampe shemeji yake, namfukuza na dawa simwuzii. Kwa hiyo msije mkaniona mtu wa kuamini kila kinachosemwa. Wageni wa baba niliwaheshimu kama nilivyoheshimu kofia yake, kwa sababu vilikuwa vyake. Kwangu Majengo sikuweka sahani ya mtu asiyeonekana hata siku moja.

Kisha baba akaanza kuvimba miguu. Daktari alinieleza kwa upole kwamba moyo wake umechoka na dawa zitamsaidia kupumua tu. Nikafunga duka, nikaenda kijijini kumwuguza. Nilipofika nilimkuta shangazi yangu, dada yake mkubwa, ameshafika na ameshatawala jiko, maana mama alikuwa ameshafariki. Shangazi ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, na katika ukoo wetu yeye ndiye aliyebaki anayejua kuosha.

Nieleze hapo, maana hata wajukuu wetu hawajui. Katika ukoo wetu aliyeua mtu vitani, na hata aliyeua simba, hakuingia nyumbani hivi hivi. Alisimamishwa njia panda alfajiri, akaoshwa kwa maji yaliyolowekwa majani, akatamka kwa kinywa chake amemwua nani. Kila aliyeuawa alipewa kitambaa cheupe na kuku mweupe anayeachiwa aende zake. Halafu mwuaji alirudi nyumbani kwa miguu bila kugeuka nyuma. Baba aliporudi vitani na sare yake iliyonyooshwa alikataa katakata. "Mimi ni rubani," alimwambia baba yake, "siyo mwindaji wa simba." Akaingia kwa mlango wa mbele. Wageni wakaingia naye.

Sasa, akiwa amelala kwenye kitanda cha kamba huku miguu imejaa maji, yeye mwenyewe aliomba kuoshwa. Haki ya Mungu, hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari.

"Nitakuosha, mdogo wangu," shangazi akasema. "Lakini uniambie ni wangapi."

"Wawili."

"Una hakika? Maana wanaume mkitoka vitani mnatia chumvi. Ukimwita ambaye hukumwua, umemfungulia mlango mtu asiyekuhusu. Ukimwacha uliyemwua, ukifa atahamia kwa mtoto wako wa kwanza."

Akanitazama. Nilikuwa naponda dawa kwenye kijiko. Nilisonya, nikamwambia shangazi aache kunipangia wapangaji, lakini dawa niliyokuwa naponda ilimwagika, na yeye aliona.

Ndipo baba akasimulia kwa mara ya kwanza bila madoido. Walikuwa wamekwenda wawili, yeye na rubani mwenzake, wakakutana na ndege mbili za upande wa pili karibu na ziwa kubwa la kaskazini. Ya kwanza aliipiga akaiona ikishuka inawaka mpaka kwenye mafunjo. Ya pili aliipiga pia, ikatoa moshi, ikaingia kwenye wingu. Hakuiona tena. Aliporudi alidai mbili. Wakubwa wake wakamwandikia moja ya uhakika na moja ya kudhaniwa, na neno hilo "kudhaniwa" lilimkaa kooni maisha yake yote.

"Kwa hiyo wa pili humjui kama alikufa," shangazi akasema.

"Kama hakufa," baba akamjibu, "anakuja kula kwangu kwa nini?"

Mimi nilisema nitakwenda kuuliza. Kama kuna watu waliorekodi, tusikisie. Dawa ya kukisia inaua. Shangazi akasema sawa, ila nifanye haraka.

Ofisi ya jeshi niliyoelekezwa ilinijibu kwa adabu, na jibu lilikuwa lile lile alilolijua baba: moja imethibitishwa. Lakini rekodi yetu ilionyesha tulichoamini sisi. Aliyejua ni nani hakurudi ni yule aliyekuwa akiwangoja, na huyo alikuwa upande wa pili. Njia pekee niliyokuwa nayo ya kumfikia ilikuwa yule rubani mwenzake baba. Alikuwa anaishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ana boti za uvuvi. Yeye na baba walikuwa hawajasemeshana tangu vita, na sasa nikaanza kuihisi sababu.

Nilikwenda. Gari lilizimika maeneo ya Kasekese, nikala mahindi ya kuchoma na matusi yangu mwenyewe, nikafika Karema nimejaa vumbi mpaka kope. Nilimkuta mzee amekaa chini ya paa la nyasi anafungua mashine ya boti. Nilipojitambulisha aliweka spana chini polepole.

"Anakufa?" akauliza.

"Anaumwa."

"Basi anakufa. Vinginevyo asingekutuma."

"Hajanituma, mzee. Nimekuja mwenyewe."

Alinikaribisha vizuri, mkewe akanipikia migebuka, samaki wa ziwa lile, na yeye akanionyesha pambano lile kwa viganja vyake viwili. Mkono mmoja ulikuwa baba, mwingine adui. Mkono wa adui ulitetemeka kwa uzee, ukawa unaonekana kama kweli umepigwa. "Ya kwanza ilianguka, niliiona," akasema. "Ya pili niliona moshi. Baba yako alinitaka niseme nimeiona ikianguka. Nikamwambia, ndugu yangu, sikuiona. Hakunisamehe."

"Ungesema tu uongo kidogo," nikamwambia, maana nilikuwa nimechoka.

"Binti yangu, uongo wa pale angani unamwua mwingine kesho yake."

Akatoa simu yake. Kumbe wale marubani wazee, wa kwetu na wa kule, wana kundi lao la WhatsApp! Watu waliotafutana roho sasa wanatumiana salamu za Pasaka na dawa za presha za vitunguu saumu. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, nikawa natamani kumnyang'anya. Aliuliza: siku ile, sehemu ile, ndege zenu zilizoondoka ni ngapi, na zilizorudi ni ngapi?

Jibu lilikuja sijamaliza samaki. Aliyejibu alikuwa mzee wa kule aliyekuwa akisimamia safari za ndege kwenye kambi yao. Aliandika kwamba ziliondoka mbili. Moja haikurudi. Ya pili ilirudi na matundu kwenye bawa, rubani akashuka kwa miguu yake, na aliishi hadi uzeeni mpaka kisukari kilipomwondoa. Akaongeza kwamba fundi wao mmoja wa zamani anaweza kujua zaidi, ila yuko kijijini kwao na simu yake inapatikana kwa shida. Je, amtafute?

"Mwambie ahsante, inatosha," nikasema. Vitabu vyetu vimesema moja, na vyao vimesema moja. Nilitaka nini tena?

Mzee akaandika hivyo. Halafu akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Utamwambiaje?" akauliza.

Nilimwambia baba asubuhi, akiwa ameegemea mto, anakunywa uji. Nilijikaza, nikasema yote kwa mkupuo: ndege ya pili ilirudi, rubani aliishi, akafa kwa kisukari. Baba alishusha kikombe. Nilitegemea hasira za miaka ile yote, na zilikuwa zake kwa haki. Hazikuja.

"Sasa nimekuwa nikimlisha nani?" akauliza.

Shangazi, aliyekuwa mlangoni anachambua mchele, alisimamisha ungo.

"Wanaingia wawili," baba akaendelea. "Nasikia hatua zao. Wa kwanza anatangulia, wa pili anafuata nyuma yake. Siku zote nyuma yake, hawajawahi kuingia sambamba."

Hapo nikamjia juu. Nilimwambia baba, mtu amefia kitandani kwake, wenzake wamemzika, wewe unamhesabu katika wafu wako kwa sababu ya sifa uliyonyimwa! Maneno makali hayo, na kwa mgonjwa. Lakini nilikuwa na hofu, nyie, hofu ya kweli, kwamba atamwita mtu asiyemhusu na nitabaki naye mimi. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Labda," akasema. "Labda ni kiburi changu ndicho kilichokuwa kinakula."

Alikubali mmoja. Kumtazama akiiachia ile ndege ya pili kulikuwa kama kumtazama mtu aking'olewa jino bila ganzi. Alifumba macho, kisha akaomba uji uliobaki. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na sikumwambia.

Tulimwosha alfajiri, pale njia ya mashambani inapokatana na njia ya kwenda mtoni. Tulimpeleka kwa pikipiki, kijana wa jirani akaambiwa atuache na asitazame. Shangazi alikuwa na kitambaa kimoja na kuku mmoja. Alimmwagia maji kuanzia kichwani, baba anatetemeka kwa baridi, mbavu zinahesabika. Akaambiwa aseme.

"Nimemwua mtu mmoja," akasema. "Jina lake silijui. Alikuwa na mama."

Hilo la mwisho hakufundishwa. Shangazi alikitandaza kitambaa katikati ya njia panda, akamwachia kuku. Kuku akasimama kidogo, akajitikisa, kisha akaingia kwenye mahindi ya watu kama aliyeitwa.

"Sasa twende," shangazi akasema. "Asigeuke mtu."

Baba alisisitiza kutembea. Mimi nilimshika kushoto, shangazi kulia. Nyumbani siyo mbali, lakini kwa mtu wa miguu ile ilikuwa safari. Na mnajua nilichokuwa nakisikia kwenye mkono wangu? Shingo yake. Kila hatua misuli ya shingo ilitaka kugeuka, naye anaizuia, jasho linamtoka na baridi yote ile. Mtu aliyeishi kwa kugeuka nyuma tulikuwa tunamwambia asigeuke.

Tulipofika kwenye mwembe wa jirani alisimama.

"Mama," akaniita, maana nina jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine. "Nyuma kuna mtu?"

"Hakuna mtu, baba. Twende."

"Niangalizie. Mimi siwezi, lakini niangalizie wewe."

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Shangazi alinikazia jicho, nisithubutu. Lakini ningemwachaje? Niligeuka. Njia ilikuwa tupu mpaka kule kwenye kitambaa cheupe, umande juu ya majani, hakuna hata mbuzi. Ila harufu ya mafuta ya taa ilinipiga usoni kama mtu amefungua kibuyu puani pangu.

"Hakuna mtu," nikasema. Na kweli sikumwona mtu.

Jioni ile iliwekwa sahani moja tu ya kuaga, kisha shangazi akaifunga kwenye kanga. Baba alikula vizuri, akacheka, akaulizia bei ya mpunga. Kwa kuwa upande ule wa mkeka ulikuwa umebaki wazi, mimi nilikaa hapo, nanyoosha miguu kwa raha, na sijawahi kukaa hapo tangu nizaliwe. Baba akanitazama, kisha akatazama kando yangu.

"Sogea kidogo, mama," akasema.

Nilisogea. Nilijichukia kwa kusogea, lakini nilisogea.

Alikufa kabla ya mavuno, mchana, akiwa amelala ubavu, uso ameuelekeza mlangoni. Padri alikuja, kwaya ikaimba, tukamzika jirani na mama. Watu wa vijiji vyote vya jirani walikuja, na katikati yao, kwa mshangao wangu, nikamwona yule mzee wa Karema akishuka kwenye bodaboda na mfuko wa migebuka mikavu kama rambirambi. Alisimama kaburini peke yake, mikono ameibana mapajani kama mwanajeshi. Nilimwacha.

Baadaye alikuja kunitafuta kwenye turubai, shangazi akiwa amekaa kando yangu. Alikuwa na sura ya mtu aliyebeba kitu kizito asichojua pa kukitua.

"Binti yangu, yule mzee wa kule alimtafuta fundi wake hata hivyo," akasema. "Ujumbe umeingia jana, nilipopata mtandao. Nilifikiri nisikuletee. Lakini nimekuja."

Akaweka simu katikati yetu. Ilikuwa sauti ya mzee sana, Kiswahili cha jeshi la kule, kizito, na nyuma yake kuku wanalia. Alianza kwa pole. Kisha akasema anaikumbuka siku ile kwa sababu ndiye aliyewafunga mikanda.

Ndege iliyoanguka, alisema, ilikuwa ya mafunzo, iliyoingizwa vitani kwa kukosa nyingine. Ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Walikufa wote wawili.

Sauti iliendelea taratibu. Wa mbele alikuwa kijana. Wa nyuma alikuwa mwalimu wake, mtu mzima mwenye watoto, aliitwa ghafla akiwa mezani hata hajatia mkono kwenye chakula. Alipokuwa akifungwa mkanda alimwambia fundi, "Nifunikie sahani yangu, nitakula nikirudi." "Mimi niliifunika," ile sauti ikasema. "Ilikaa pale mpaka siku ya pili. Hakuna aliyethubutu kuila."

Ujumbe ukaisha. Watu kwenye turubai walikuwa wanacheza bao na kusimulia habari za pembejeo.

"Mimi niliona ndege ikianguka," mzee wa Karema akasema, akijitetea ingawa hakuna aliyemlaumu. "Kwa kasi ile nani anaona viti?"

Shangazi alikuwa amefunika mdomo kwa upindo wa kanga. "Tulihesabu ndege," akasema. "Yesu na Maria. Tulihesabu ndege."

Nililia basi, na sikulia kwa hofu. Nilimlilia baba, aliyesema wawili maisha yake yote na akasahihishwa na kila mtu, na wa mwisho kumsahihisha nikawa mimi. Alikosea ndege. Watu hakuwakosea.

Nilipotulia nikamwuliza shangazi kama tunaweza kurudi njia panda na kitambaa cha pili. Akatikisa kichwa. Anayetamka ni aliyeua, na aliyeua tumemzika.

"Siku ile uligeuka," akasema. Hakuuliza.

"Aliniomba."

"Najua. Nilisikia." Akanishika mkono, kitu ambacho siyo kawaida yake. "Basi ni mgeni wako, mwanangu. Hana ubaya. Baba yako aliishi naye vizuri."

Siku ya kuondoka alinipa ile sahani ya pili, amenifungia kwenye gazeti.

Niliiweka chini ya kaunta dukani, nikaapa haitatoka. Zikapita siku nzuri, wateja, mafua ya msimu, ubishi wa dozi kama kawaida. Kisha mchana mmoja, jua la utosini, mama mmoja aliyekuja kumnunulia mtoto dawa ya minyoo akakunja pua.

"Dada, siku hizi mnauza na mafuta ya taa humu?"

"Hatuuzi," nikamjibu, kwa ukali asiostahili, nikampa dawa yake na chenji akaenda.

Nilikuwa nimeshaisikia ile harufu tangu alipokuwa mlangoni. Nilitazama nje: pikipiki, muuza nyanya, mtaa ule ule wa Majengo. Sikugeuka nyuma. Nilirudishia mlango nusu, nikaitoa sahani ya bati kwenye gazeti, nikaifuta kwa kitambaa safi. Chakula changu cha mchana kilikuwa kwenye hotipoti, wali na maharage na kipande cha mgebuka. Nilimjazia, samaki wote nikamwekea yeye, nikaisogeza sahani mwisho wa benchi, upande unaotazama mlango.

"Karibu ule," nikamwambia. "Yule aliyekufunikia chakula bado yupo hai. Hajakusahau."

Halafu nikasogea kidogo kumpa nafasi, nikala changu.